Besi ya Muuza Maziwa

Nilipewa kazi ya kurekodi historia ya Wawelshi ili ninyamaze. Ningependa kusema niliitwa kwa sababu ya elimu yangu, lakini hapana.

Shangazi yangu, ambaye naishi naye Silver Spring, Maryland, tangu nimalize chuo kikuu, alikuwa anamtunza bibi mmoja wa miaka tisini na ushee huko Wheaton. Siku nne kwa wiki alimpikia, alimwogesha, alimpa dawa na kugombana naye kuhusu chumvi. Bibi alizaliwa Wales, nchi ndogo iliyojibanza ubavuni mwa Uingereza, akaletwa Amerika na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipelekwa kwenye mkutano wa chama cha Wawelshi wa eneo letu, katika ukumbi ulio chini ya kanisa moja. Mwezi wa tatu gari la Shangazi lilikuwa gereji, nikaombwa niwapeleke.

"Utakaa pembeni, utakunywa chai," Shangazi aliniambia tukiwa bado kwenye maegesho. "Na usiulize maswali."

"Maswali gani?"

"Hilo ni la kwanza."

Ukumbini palikuwa na watu kama ishirini hivi, na ukiniondoa mimi, kijana wao alikuwa mstaafu. Wote walikuwa wamebana vifuani kwa pini mboga inayofanana na kitunguu kirefu cha majani. Si picha ya mboga. Mboga yenyewe, na mizizi yake. Nilimuuliza bwana aliyekaa karibu nami sababu. Akasema zamani vitani Wawelshi walijibandika mboga hiyo ili watambuane wasije wakachomana mikuki wenyewe kwa wenyewe. Mama wa upande wa pili akasema si kweli, ni kwamba mtakatifu wao alikuwa hali kitu kingine. Wa tatu, aliyekuwa akisikiliza kwa nyuma, akasema yeye huvaa kwa sababu mkewe humvalisha. Kwa maoni yangu huyo ndiye peke yake aliyekuwa na ushahidi.

Kisha mwenyekiti akasimama. Alikuwa mwanasheria wa serikali aliyestaafu, mrefu, mwenye tai nyekundu yenye madragoni madogo, yale majoka ya bendera yao. Alitoa hotuba kuhusu mwanamfalme wa Kiwelshi aliyevuka bahari na kufika Amerika kabla ya mtu mwingine yeyote kutoka Ulaya. Alieleza meli ilivyokuwa. Alieleza upepo ulivyovuma. Nilijitahidi. Nilikalia mkono wangu wa kulia, nao wa kushoto ukapanda.

"Samahani, haya tunayajuaje?"

Kijiko kimoja kililia ndani ya kikombe.

"Ni masimulizi ya kale sana," mwenyekiti akasema.

"Ya kale kiasi gani? Nani aliandika kwanza? Na aliandika miaka mingapi baadaye?"

Shangazi alinifinya pajani kwa vidole viwili, vilevile alivyonifinya kanisani nilipokuwa na miaka saba. Wakati wa chai mwenyekiti alinifuata akiwa ameshika kinasa sauti kidogo, akanieleza kwa adabu kubwa kwamba chama kinatengeneza kitabu cha kumbukumbu za wazee wake, na kwamba mtu mwenye jicho la uchunguzi kama mimi angefaa sana kwenda majumbani kuwarekodi. Majumbani, yaani si pale. Hata kwetu mtu akizidi kuuliza kikaoni anafanywa katibu, kwa hiyo nilielewa mara moja, na kwa kuwa wakati huo nilikuwa nafanya kazi nusu siku tu, nikakubali.

Shangazi alikuwa kwenye kikeki cha nne. Ni vikeki bapa vyenye zabibu kavu, vinavyopikwa juu ya bamba la chuma.

"Hii ni chapati iliyokata tamaa," alinong'ona, "wakaitilia zabibu kuifariji." Akachukua cha tano.

Nilianza na Bibi kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu alikuwa anaondoka. Binti yake aliyekuwa akiishi Ohio alikuwa ameamua kumchukua, na mwanzoni mwa mwezi wa sita angekuja kumhamisha. Bibi aliizungumzia safari hiyo kama mtu anavyozungumzia mvua: inakuja, haizuiliki. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolitaka kabla ya kuondoka, na alinieleza hata kabla sijawasha kinasa sauti.

Baba yake, alisema, alitunga wimbo wa kanisa. Kule kijijini kwao uliimbwa kila mwaka kwa sauti nne, kanisa zima, hadi vioo vya madirisha vinatetemeka. Kanisa lenyewe lilishafungwa, sasa ni duka la mazulia. Yeye hakuwa ameusikia wimbo huo tangu alipopanda meli. Kila mwezi wa tano chama chao hufanya mkutano wa nyimbo: watu hukaa kwa makundi ya sauti, kuanzia ya kwanza hadi besi, wakaimba alasiri nzima bila hadhira, maana hadhira ndio wao wenyewe. Alitaka wimbo wa baba yake uimbwe hapo, kwa sauti zote nne, urekodiwe, na uingie kitabuni kwa jina la baba yake.

"Hebu uimbe kidogo nisikie," nikamwambia.

Akaimba. Nilijitahidi kuushika uso wangu. Wimbo ulikaa kwenye noti ileile muda mrefu, ukapanda ngazi moja, ukawa kama umesahau kitu chini, ukarudi kukichukua, ukakaa tena.

"Watoto wangu waliuita wimbo wa friji," Bibi akasema. "Walisema friji yetu ilikuwa na sauti hiyohiyo."

"Labda kuna sehemu inayofuata?"

"Hapana. Ndio huo. Mimi niliwekwa sauti ya pili nikiwa na miaka minane. Sauti nyingine sijawahi kuzijua."

Yeyote aliyewahi kuimba kwaya anaujua mkosi wa sauti ya pili. Unaweza kuimba miaka ishirini katikati ya wimbo mtamu, na siku ukiwa peke yako bafuni unagundua ulichobeba si wimbo, ni boriti moja ya nyumba. Bibi alikuwa amebeba boriti hiyo kwa miaka themanini, akiwaonyesha watu na kuwaambia: tazameni nyumba ya baba yangu.

Nyumba nzima ilikuwa kwenye daftari. Alilitoa kabatini, jeusi, lenye kurasa za njano, na humo baba yake alikuwa ameandika wimbo wote kwa mkono. Shida ni kwamba hakuandika nota za kawaida zenye mistari mitano. Aliandika herufi tupu, d, r, m, f, s, safu nne kwenda chini, zikiwa zimetenganishwa kwa nukta na vistari. Macho ya Bibi yalikuwa yamebakiza kingo tu, katikati anaona ukungu. Na chamani kwao hakuna aliyeweza kuzisoma tena; wazazi wao walizisoma, wao walijifunza piano. Mwenyekiti alikuwa ameshasema mara mbili kwamba wimbo huo hauwezekani. Isitoshe, chama kilikuwa kimeishiwa besi. Mmoja alikuwa amefariki na mwingine amehamia Florida, na wote wawili walitajwa kwa sauti ileile ya masikitiko.

Shangazi akaingia na uji wa Bibi. Akaweka bakuli mezani, akatupa jicho kwenye daftari, akalivuta kwake.

"Si nota hizi?"

"Unazijua?"

"Nazijua? Mimi nimefundisha kwaya kwa nota hizi kabla baba yako hajaoa." Shangazi ni Mlutheri wa Njombe, na hapa Maryland ni mwalimu wa kwaya ya Kiswahili inayokutana kila Jumapili jioni. Alichomoa miwani kutoka kwenye nywele. "Kwetu huwezi kuingia kwaya hujui kusoma nota za herufi. Wamisionari walitupatia hizi, piano wakabaki nayo."

Akapiga meza kwa kidole mara nne, akaanza safu ya juu kabisa. *Do, do, mi, so.* Kwenye mstari wa pili Bibi akajiunga na boriti yake, taratibu, akiwa amefumba macho, na nikasikia kitu ambacho sikutegemea kukisikia jikoni Wheaton saa nne asubuhi: ile sauti ya friji ilikuwa inajua inachofanya. Kila ilipong'ang'ania noti moja, ile ya juu ilikuwa inaondoka na kurudi kuiegemea. Walipofika mwisho Bibi alishika ukingo wa meza.

"Tena, binti," akamwambia Shangazi, mwenye miaka sitini na mitatu.

Waliimba mara tatu. Uji ukapoa. Mara ya tatu nikaona Shangazi anaimba bila kuangalia daftari, na uso wake umebadilika.

"Huu wimbo naujua," aliniambia kwa Kiswahili, huku akimtabasamia Bibi.

"Unaujua namna gani?"

"Tunaimba kwetu. Wa maziko. Nimezika nao nusu ya kata."

"Basi baba yake hakuutunga!"

"Nimesema hivyo mimi?"

"Au aliutunga, ukasafiri mpaka Njombe. Lakini nani aliupeleka? Lini? Shangazi, inabidi tumuulize..."

"Hutamuuliza mtu chochote," Shangazi akasema, bado anatabasamu. "Utakoroga uji huu upate moto."

Nilikaa na siri hiyo wiki tatu, na kwa mtu wa aina yangu wiki tatu ni kama kifungo. Nilipekua maktaba, niliandika barua pepe kwa watu wawili wanaochunguza nyimbo za zamani, hawakunijibu. Wakati huohuo Shangazi alikuwa amempigia mwenyekiti na kumwahidi kwaya yake: watu tisa wanaosoma nota za herufi, miongoni mwao besi wawili, mmoja wao wa kweli. Mwenyekiti alifurahi mpaka akasahau kwamba mimi ni mpwa wa Shangazi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri.

Kwenye mkutano wa mwezi wa nne mwenyekiti alisoma rasimu ya kitabu kwa sauti. Alipofika kwa Bibi akasoma, "Wimbo huu ulitungwa na baba yake," na Bibi, aliyekuwa kwenye kiti cha mbele, akaketi wima kama mwanafunzi aliyetajwa kwa zawadi. Naapa sikupanga. Mkono ulipanda wenyewe.

"Nadhani hatuna uhakika wa hilo," nikasema. "Wimbo huohuo unaimbwa Tanzania."

Watu ishirini waligeuka. Bibi hakugeuka.

Mwenyekiti alivua miwani. Nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama shahidi wa upande wa mashtaka. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu na kukata sentensi ile. Kitabu cha chama, alisema, hakiwezi kubeba jambo lisilothibitishwa. Wimbo ungeimbwa, lakini jina la baba lisingeandikwa.

"Na yule mwanamfalme?" nikauliza.

"Hilo ni jambo tofauti. Lile ni la zamani zaidi."

Tulipofika Wheaton, Bibi alimwambia Shangazi, nami niko hatua mbili kutoka kwake, "Mwambie msomi wako asahau kabisa kinasa sauti chake. Sina kumbukumbu." Kwa zaidi ya mwezi alizungumza nami kwa kupitia Shangazi. Mwambie kuna chai. Mwambie afunge mlango, baridi inaingia. Mwambie kiti hicho ni cha watu wasio na maswali.

"Umeridhika?" Shangazi aliniuliza nyumbani, akikata mchicha kwa nguvu kuliko mchicha ulivyohitaji. "Mama wa watu anahama, macho hana, umeona umpunguzie na baba."

"Shangazi, kama si kweli si kweli."

"Na wewe umethibitisha kwamba si kweli?"

"Bado."

"Basi umemnyang'anya mtu kitu, na hujui hata kama ni chake au cha mwingine. Hiyo wanaita digrii au wizi?"

Jambo pekee nililoweza kufanya ni kuendelea kuuliza, lakini safari hii niulize kwa manufaa. Nikampigia shangazi yangu mdogo Njombe, nikamwomba aende kanisani akapige picha ukurasa wa wimbo ule kwenye daftari la kwaya. Alinitumia kwanza picha ya kuku wake, kisha ya bati jipya la jikoni, na siku ya tatu ukurasa. Hakukuwa na jina la mtunzi. Nikauweka kando ya nakala ya daftari la Bibi na kulinganisha herufi kwa herufi. Safu ya kwanza: sawa. Ya pili: sawa. Ya tatu: sawa. Nikahisi vibaya, maana nilikuwa nataka, kwa mara ya kwanza maishani, nionekane nimekosea. Ya nne haikufanana hata kidogo. Nilidhani nimeshika ukurasa vibaya. Sikumwambia mtu, kwa kuwa sikujua maana yake, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza.

Mazoezi yalifanyika katikati ya mwezi wa tano katika ukumbi uleule. Kwaya ya Shangazi ilikuja na magari matatu na sufuria la pilau ambalo hakuna aliyeliomba. Wawelshi walikaa upande mmoja na vikeki vyao, wetu upande wa pili, na katikati Bibi kwenye kiti cha magurudumu, amepaka lipstiki, hanitazami. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Kiwelshi. Mwenyekiti aliwagawia wageni maneno.

"Ghai," alisema mama mmoja wa Kenya, nesi, aliyekuwa na sauti ya kwanza kali kuliko king'ora. "Hii neno iko na konsonanti sita zimefuatana. Vokali zilienda lunch?"

"Hiyo unapuliza tu kando ya ulimi," mwenyekiti akamwelekeza, Shangazi akitafsiri.

"Nipulize kama nani? Kama nyoka ama kama chai ni moto?"

"Chai."

"Sawa. Chai naweza."

Waliimba mara ya kwanza. Ulikuwa mzuri, kwa kweli ulikuwa mzuri sana, lakini Bibi aliinua mkono kabla ya mwisho.

"Chini kuna makosa," akasema. "Sauti ya chini siyo hiyo."

Ilikuwa kweli. Besi wetu wa kweli, Mkongo mmoja mpana ambaye kwaya nzima humwita Papa, alikuwa hajafungua hata karatasi. Alikuwa ameutambua wimbo, akaimba besi ya maziko aliyoizoea kwenye misiba yetu ya hapa Maryland, ya kukaa mahali pamoja na kuomboleza. Shangazi alimwonyesha safu ya nne kwa kidole.

"Papa, soma kilichoandikwa."

"Mwalimu, ile ya kwetu iko muzuri."

"Soma."

Papa akasoma. Besi ile ilianza kama nyingine yoyote, kisha ikaondoka. Ilishuka, ikapanda, ikazunguka chini ya wenzake kama mtu anayetafuta funguo gizani, mstari mzima, kisha mstari wa pili, bila kituo. Katikati ya mstari wa tatu Papa alisimama ghafla, mkono kifuani.

"Mais, Mwalimu! Huyu mutu mwenye aliandika hii, alikuwa anapumuaka wapi? Hakuna nafasi! Angalia, hapa hakuna, hapa hakuna. Anataka mutu akufe?"

Shangazi akatafsiri, akiacha kifo. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na nikaogopa analia kwa sababu yangu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka ikabidi apewe maji.

"Mtu wa posta," akasema.

Tukangoja.

"Kanisani kwetu kulikuwa na besi wawili. Baba yangu na mtu wa posta. Mtu wa posta alikuwa na sauti nzuri kumshinda, kila mtu alijua, ila alivuta sigara. Mama alikuwa akisema baba ameandika besi isiyo na mahali pa kupumua makusudi, ili mtu wa posta akatike njiani mbele ya kanisa zima. Na kila mwaka alikuwa anakatika. Mama alisema ni dhambi. Baba alisema ni muziki." Akajifuta macho. "Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hii nimemsahau mtu wa posta."

Hapo nikatoa kurasa mbili mfukoni. Nilitembea hadi kwake, nikapiga goti ili anione kwa kingo za macho yake, na nikamwambia nilichokipata: sauti tatu za juu za baba yake na za Njombe ni zilezile. Ya chini iko kwake tu.

Mwenyekiti alikohoa.

"Kwa hiyo aliiba tatu," Bibi akasema. Alikuwa anazungumza nami, si na Shangazi.

"Sijui kama aliiba. Labda aliusikia mahali. Labda wao waliusikia kwake, wakabadilisha besi. Sijui, Bibi."

"Mimi najua," akasema. "Baba yangu alikuwa muuza maziwa. Unadhani yale maziwa yote yalitoka kwa ng'ombe?"

Mkutano wa nyimbo ulifanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, alasiri, jua linapiga kwenye vidirisha vya juu. Nilikuwa nyuma ya kinasa sauti. Ubeti wa Kiwelshi ulipita salama, wa Kiswahili ukapita na vigelegele, ukaja wa mwisho, wote kwa pamoja, kila mtu kwa lugha yake. Hapa inabidi nieleze desturi mbili. Wawelshi wakiona wimbo umewaka, hurudia mistari ya mwisho, na aliye mbele anaendelea kurudisha maadamu watu bado wana moto. Kwaya ya Shangazi nayo hairuhusiwi kuacha kuimba hadi mwalimu afunge ngumi. Siku hiyo aliyesimama mbele ni mwenyekiti, na Shangazi alikuwa ameketi sauti ya kwanza kama mgeni. Mgeni hafungi ngumi kwenye ukumbi wa watu. Mwenyekiti kwa upande wake alikuwa akiwatazama wageni, anaona bado wanaimba, anajiambia si adabu kuwakatiza.

Wakarudia mara ya pili. Ya tatu. Mara ya tano mwenyekiti alikuwa ameloa jasho mpaka madragoni yote ya tai. Shangazi alikuwa akimtumbulia macho kumwambia afunge, naye akayasoma kama furaha na kuongeza mwendo. Mara ya saba wakaingia wanawake kumi wenye mikeka na suruali za kubana, waliokuwa na zamu ya ukumbi kwa mazoezi ya viungo, wakasimama ukutani, na mmoja akaanza kuimba bila maneno. Bibi aliimba sauti yake ya pili kila mara, bila kuikosea hata noti moja, amegeuza sikio kuelekea besi.

Mara ya tisa Papa alikatika. Ilikuwa katikati ya mstari wa tatu. Alivuta pumzi iliyosikika mpaka jikoni, kama pampu ya baiskeli. Bibi akarusha ngumi juu kwa ushindi. Mwenyekiti akadhani ni ishara, na hatimaye akafunga.

"Mama, unisamehe," Papa alimwambia Bibi baadaye, ameketi, anapepewa kwa sahani ya karatasi. "Nimekufa."

"Mtu wa posta hakuwahi kuvuka mara ya nne," Bibi akamjibu.

Siku tatu kabla ya safari mwenyekiti alikuja Wheaton na fomu. Alikuwa amejitengenezea fomu kwa kila kumbukumbu itakayoingia kitabuni. Nadhani miaka thelathini na kitu ya serikalini haitoki mwilini haraka. Tuliketi kwenye maboksi. Nilikuwa nimeshamweleza Bibi kwamba naweza kuondoa kwenye rekodi marudio na ile pampu ya baiskeli, dakika kumi na moja zibaki nne. Alikataa. Alisema bila pumzi ile hakuna mtu atakayejua baba yake alifanya nini.

"Wimbo, mtunzi," mwenyekiti akasoma, kalamu tayari.

"Andika: sauti tatu za juu ni za watu," Bibi akasema. "Besi ni ya baba yangu."

"Watu gani?" Shangazi akauliza kutoka jikoni. "Aandike na Njombe."

"Andika na Njombe."

Akaandika na Njombe. Kisha akafika mstari wa chini, akaugeuza ukurasa kwangu. Ulisema: Imethibitishwa na.

Nilimwambia sijathibitisha kitu. Nina kurasa mbili zinazotofautiana, mzee mmoja mwenye umri wa miaka tisini na kitu anayesimulia alichosimuliwa na mama yake, na Mkongo aliyekosa hewa. Sijui tarehe. Sijui nani alimpa nani. Je, kukosa hewa ni ushahidi?

"Miaka yangu yote serikalini," mwenyekiti akasema, "nimesaini kwa vichache kuliko hivyo."

Bibi alikuwa ameelekeza uso dirishani ili anione vizuri kwa pembeni. Hakumtuma Shangazi aniambie kitu. Nikachukua kalamu.

"Na uandike vizuri," Shangazi akasema, akija na taulo mkononi kunisimamia begani. "Mwandiko wako mbaya, watu watadhani ni mtu mwingine."